Praima ya visanamu ukiwa ughaibuni: nini kinasafiri, nini ununue hapohapo

Anayepaka rangi visanamu vya mchezo, vile vya milimita 28 hadi 32, akihamia nchi isiyo na duka la vifaa hivyo hukwama kwanza kwenye praima ya kupuliza, yaani tabaka la kwanza la kushika rangi. Rangi zenyewe zinaagizwa, brashi zinaagizwa, ila kopo la spreyi halifiki. Miongozo mingi imeandikwa Uingereza na Marekani, nayo inakwambia uchukue praima ya kijivu ya Halfords au Rust-Oleum. Majina hayo hayamsaidii aliyeko Mwanza, Muscat au Bujumbura. Kitakachomsaidia ni kujua aina ya praima inayotakiwa, kwa sababu aina hiyo inauzwa karibu kila mji wenye mafundi wa rangi za magari.

Tuanze na usafiri, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Kopo la spreyi ya rangi lina gesi inayowaka, mara nyingi propeni na butani, na kwenye usafirishaji huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari wenye namba UN1950. Abiria haruhusiwi kulibeba, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ruhusa ya marashi na spreyi ya nywele haihusu rangi. Posta nazo hazipokei. Kulificha katikati ya nguo hakusaidii, kwani mashine ya ukaguzi inaonyesha kopo wazi kabisa. Njia halali ni meli: wanaokusanya mizigo ya kontena, kwa mfano kutoka Dubai kwenda Mombasa au Dar es Salaam, wanaweza kupokea spreyi zikitangazwa jinsi zilivyo. Waulize kabla ya kununua, na uwaambie wazi kuwa ni makopo ya gesi.

Praima ya maji ya kwenye chupa ni habari nyingine. Vallejo Surface Primer na Stynylrez ya Badger ni akriliki zenye poliyurethani, hazina gesi na haziwaki, kwa hiyo zinapanda ndege. Zitie kwenye sanduku kubwa, kila chupa ndani ya mfuko wake uliofungwa, kwa sababu vifuniko huvuja shinikizo la hewa linapopungua. Pakua pia karatasi ya usalama ya bidhaa kutoka kwa mtengenezaji. Kipengele cha 14 kinahusu usafirishaji, na kikieleza kuwa bidhaa si mzigo wa hatari, hicho ndicho cha kumwonyesha ofisa akiuliza.

Sasa spreyi ya hapohapo. Usianzie kwenye maduka ya michezo ya watoto. Nenda wanakouza rangi na vipuri vya magari: Gerezani kule Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi, Wadi Kabir ukiwa Muscat. Omba praima ya kijivu ya kupuliza, ya plastiki au ya matumizi yote, isiyong'aa, ya kopo moja lisilohitaji hadina, yaani kemikali ya kugandisha rangi. Kisha soma kopo mwenyewe, kwa kuwa muuzaji amezoea mabampa na milango ya magari, na kinachofaa bampa chaweza kuharibu uso wenye macho ya nusu milimita.

Kuna aina za kuacha dukani. Praima ya kujazia, ile ya kuziba mikwaruzo ya msasa, ni nzito na itafunika vifungo, nyuzi za nywele na mikunjo ya nguo. Redi oksaidi ya kuzuia kutu ni nzito pia, na hukauka polepole. Praima ya asidi imetengenezwa kwa ajili ya chuma kitupu, usiipulizie plastiki. Zile za sehemu mbili, zenye hadina ndani ya kopo, nyingi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu vibaya, na hakuna kisanamu kinachostahili hatari hiyo. Spreyi ya kawaida ya rangi inayong'aa, hata ikiwa nyeusi nzuri, nayo haifai: rangi ya maji utakayopaka juu yake itajikusanya matone matone badala ya kushika.

Ukishapata kopo, usilijaribie kwenye kisanamu. Chukua kipande cha fremu ambayo visanamu vilikatwa humo, kwa kuwa ni plastiki ileile. Kipulizie kwa makusudi kutoka sentimita 10, kizito hadi kilowe, ukiache nusu saa. Ukikiona kimekunjamana, kimepata nyufa nyembamba au kingo zake zimelainika, ujue thina iliyomo inakula polistireni, yaani plastiki ngumu ya visanamu hivyo. Kikiwa salama, kiache hadi kesho yake, kikwaruze kwa ukucha, halafu upake tone la rangi ya maji. Praima isiyobanduka, na ambayo tone linatandaa juu yake bila kujikunja, inafaa.

Jaribio hilo lirudie kwa kila aina ya malighafi. Visanamu vya metali vinavumilia karibu praima yoyote. Rezini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, ikiwa imechapishwa kwa mashine lazima iwe imeoshwa na kuiva kabisa kwenye mwanga, la sivyo praima hubaki inanata. Visanamu laini vya PVC, kama vingi vinavyokuja kwenye michezo ya ubaoni, ndivyo vigumu zaidi. Kilainishi kilichomo kwenye PVC hupanda na kuchanganyika na praima ya thina, na uso waweza kunata kwa miezi. Kwa hivyo tumia praima ya maji kwa brashi tu, hata kama spreyi yako ni nzuri kiasi gani.

Kabla ya kupuliza, osha visanamu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mzee, kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole. Viache vikauke usiku mzima. Maji hujificha kwapani na chini ya joho. Vibandike vitano au sita juu ya ubao mwembamba kwa utepe wa pande mbili, viachane kwa upana wa vidole viwili ili spreyi ipite katikati.

Tikisa kopo dakika 2 nzima, ukihesabu tangu gololi iliyo ndani ianze kugonga. Shika sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kisanamu. Bonyeza ukiwa pembeni yake, pitisha mkono kwa mwendo mmoja usiosita, uachie baada ya kumaliza upande wa pili. Ukianza kubonyeza ukiwa umekielekezea, matone makubwa ya mwanzo yatatua usoni pake. Pita mara moja, zungusha ubao robo, pita tena. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha laza ubao ubavu upate sehemu za chini. Plastiki ikionekana kwa mbali chini ya praima si kosa. Kazi ya tabaka hili ni kushika rangi, kufunika utafunika baadaye. Mashimo yaliyobaki, yaguse kwa brashi na praima ya maji.

Hali ya hewa inaharibu kazi nyingi kuliko kopo baya. Pwani ya Afrika Mashariki, hasa wakati wa masika, hewa imejaa unyevu: thina inapovukiza hupoza uso, unyevu hutua juu ya rangi mbichi, na praima hutoka na ukungu mweupe au chengachenga. Pulizia siku kavu, kuanzia saa nne asubuhi unyevu ukishapungua, kabla upepo wa bahari haujashika kasi. Ukungu ukishatokea, mara nyingine unatoka ukipitisha vumbi jepesi la praima ileile siku iliyo kavu zaidi.

Ghuba wakati wa kiangazi tatizo linageuka. Joto la nyuzi 40 na zaidi hukausha matone kabla hayajafika, yakatua kama vumbi na uso ukawa kama msasa. Sogea hadi sentimita 15, pulizia kivulini alfajiri ilimradi hakuna umande, na usiache kopo ndani ya gari. Lebo zake huonya lisipite nyuzi 50. Nairobi mwezi wa Julai, kopo lililolala mahali pa baridi hukosa msukumo na kutema matone. Liweke dakika 10 kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, lifute, ulitikise upya. Kamwe usilipashe jikoni.

Gesi ya kopo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Jiko la mkaa, la gesi au sigara upande wa pili wa ukumbi vinatosha kuiwasha. Fanya kazi nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayozuia ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na mafundi wa rangi za magari watakuonyesha inakouzwa.

Anayeishi ghorofani, bila pa kupulizia, asijitese. Praima ya maji kwa brashi inatoa uso mzuri kabisa. Tumia brashi laini ya nyuzi za sintetiki, paka tabaka 2 nyembamba, saa moja kati yake, na usirudi juu ya sehemu iliyoanza kukauka kwa sababu itararuka. Vallejo iache saa 24, na usiipige msasa, hubanduka vipande. Stynylrez inavumilia msasa. Ukizikosa zote, geso ya wachoraji ya akriliki inafaa: huonekana nzito ikiwa mbichi, kisha hujivuta na kushika umbo inapokauka. Ongeza maji kidogo tu. Mwenye eabrashi, kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa, na kompresa hahitaji kopo tena. Stynylrez hupita vizuri kwenye nozeli ya milimita 0.5 kwa msukumo wa psi 25 hadi 30, na isafishe mara tu unapomaliza kabla haijakauka ndani.

Kisanamu kilichoharibika, kama ni polistireni au metali, kitumbukize kwenye alkoholi ya isopropili saa kadhaa, kisha usugue kwa mswaki. Rangi ya akriliki itatoka. Praima ya magari yaweza kung'ang'ania, hasa kwenye pembe. Thina na asetoni ni za metali peke yake, plastiki huyeyuka humo. Na kila ukimaliza kupuliza, geuza kopo kichwa chini na ubonyeze hadi itoke gesi tupu, la sivyo nozeli itaziba na nusu ya praima itabaki ndani bila njia ya kutoka.