Somo: Maganda ya machungwa ya shira yaliyochovywa chokoleti

Tangu niweke picha za yale maboksi ya Idi, kila nikifungua simu nakuta swali lilelile: "Dada, mbona chokoleti yangu inabanduka?" Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote, kuanzia sokoni mpaka kwenye boksi. Lisome lote kabla ya kuuliza. Jibu la kubanduka liko hatua ya tano, na ndiyo hatua watu wanayoiruka.

Hii ni kazi ya siku tatu. Muda mwingi ni wa kusubiri, lakini siku tatu ni siku tatu.

Mahitaji: machungwa 6 yenye ganda nene, sukari nusu kilo, maji nusu lita, nusu ndimu, chokoleti nyeusi gramu 200.

1. Osha machungwa kwa maji ya moto na brashi. Yanayotoka nje mara nyingi yamepakwa nta, hayo yasugue mpaka utelezi uishe.

2. Kata juu na chini, chora ganda kwa kisu mara nne, bandua, kisha kata vipande vyembamba virefu. Usimenye kama muuza machungwa wa barabarani. Yeye anaondoa ngozi ya juu na kuacha nyeupe kwenye tunda; sisi tunaitaka ile nyeupe, ndiyo inayokunywa shira.

3. Tia maganda kwenye maji baridi, yachemke dakika 10, mwaga maji. Rudia mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Mwisho, ukucha uingie kwenye ganda bila kulazimisha.

4. Chemsha sukari na maji. Sukari ikishayeyuka, weka maganda na maji ya ndimu. Moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima. Usikoroge, shika sufuria uitikise tu, maana sukari iliyoganda ubavuni ikirudi ndani shira yote inageuka chengachenga. Maganda yakianza kupitisha mwanga na shira ikavuta uzi kati ya vidole, zima. Acha yalale humo usiku kucha.

5. Kukausha. Hapa naomba utulie.

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, masika yamekolea Dar, nilipokea oda ya vipande 200 vya kichen pati. Nilikuwa nimechelewa kuanza. Nikaweka maganda chini ya feni kwa muda wa saa tano, nikayagusa, yananata kidogo, nikajiambia chokoleti itafunika. Usiku yalipendeza, yanang'aa, nikayapanga kwenye maboksi. Asubuhi nilikuta matone ya shira yametoka chini ya chokoleti na kila kipande kimevuliwa ganda lake jeusi kama soksi. Nilirudisha pesa yote ya mteja, na bibi harusi hakupata kitu cha kuwapa wageni wake. Lile bado linaniuma.

Sababu ni hii: sukari inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani wakati wa mvua imejaa maji. Ganda bichi likifunikwa, unyevu unatafuta njia na kuisukuma chokoleti nje. Basi chuja shira, panga vipande kwenye waya wa kupozea keki visigusane, na uvipe saa 24 wakati wa kiangazi, saa 48 wakati wa mvua. Vigeuze mara mbili tatu. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 60 hadi 70, mlango wazi kidogo, saa moja au mbili, kisha aache vipoe kabisa. Usianike juani barazani. Nzi na sisimizi watakuwahi. Hata ndani, miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji.

Kipimo changu: bonyeza kipande kwenye mgongo wa mkono, kinyanyue. Kikiacha unyevu, bado. Usibishane nacho.

6. Katakata chokoleti. Theluthi mbili ziyeyushe kwenye bakuli juu ya mvuke, bakuli lisiguse maji, mpaka nyuzi 45. Toa, ongeza theluthi iliyobaki, koroga polepole mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Bakuli, kijiko na mikono viwe vikavu kabisa, kwa sababu tone moja la maji linaifanya chokoleti ijikunje iwe uji mzito. Ikishakuwa hivyo haichovyeki tena. Iongezee maziwa ya moto uifanye mchuzi wa keki. Chovya vipande, kung'uta, laza kwenye karatasi ya kuokea.

7. Hifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, mahali pa baridi. Wiki mbili hadi tatu.

MASWALI

Mama wa Mbagala: Dada, nataka nianze leo jioni, kesho mchana nipeleke kwenye shughuli. Itawezekana?
— Hapana. Soma hatua ya tano.

Mama wa Mbagala: Nikiyaweka kwenye friza yakauke haraka je?
— Friza haikaushi, inagandisha. Ukitoa yatatoka jasho. Kwa kesho pika kashata, inawahi na wageni wanaipenda.

Kijana Mpishi: Mimi niliruka kuchemsha mara tatu, niliyaloweka tu usiku mzima kisha nikapika kwenye shira. Yamekuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Mapishi yako yana kasoro.
— Mapishi uliyoyafuata si haya, mdogo wangu. Ganda likiingia kwenye sukari kabla halijalainika, sukari inalikaza, na ukilipika hata saa nne halilainiki tena. Laini kwanza, shira baadaye.

Binti wa Tanga: Shikamoo dada. Je, maganda ya balungi yanafaa? Nayaona yana nyeupe nene sana, ila machungu mno.
— Marahaba mwanangu. Yanafaa, na mimi nayapenda kuliko ya machungwa, kwa sababu ile nyeupe nene ikishanywa shira inakuwa laini kama halua. Uchungu wa balungi unatokana na kemikali chungu iitwayo naringini, ambayo inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya moto kuliko ya baridi. Ndiyo maana kuchemsha na kumwaga kunashinda kuloweka. Balungi lichemshe mara nne au tano, onja kila mara. Na danzi ukilipata usiliache, harufu yake haina mfano. Tia na iliki mbili kwenye shira.

Binti wa Tanga: Ahsante sana. Na machungwa yetu ya Muheza ni ya kijani hata yakiiva. Rangi itakuwaje?
— Ganda hugeuka rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa na baridi, ndipo ukijani unapoondoka. Kwetu joto halipungui kiasi hicho, kwa hiyo tunda linaiva na kijani chake. Ladha haidhuriki. Kwenye shira rangi inageuka kahawia ya asali, na chokoleti inalifunika nusu. Tena Juni na Julai machungwa yanapojaa sokoni ndipo hali ya hewa inapokuwa na ubaridi, na chokoleti inaganda vizuri. Msimu mzima nakusanya oda wakati huo.

Mama Keki: Sina kipimajoto.
— Chovya ncha ya kisu, subiri dakika tano. Ikiganda na kung'aa, endelea. Ikibaki na mistari ya kijivu, koroga tena. Januari Dar usijaribu mchana bila kiyoyozi; kama huna, chovya alfajiri.

Mama Keki: Shira iliyobaki naitupa?
— Usithubutu! Itie kwenye kaimati, au kijiko kimoja kwenye chai ya rangi.

Mkulima wa Kyela: Sisi huku tuna kakao yetu wenyewe shambani. Naweza kutwanga chokoleti ya kuchovya nyumbani?
— Kaka, umenifurahisha. Kama unavundika mbegu chini ya majani ya migomba siku tano au sita na kuzikausha vizuri, kazi kubwa umeshaimaliza. Kaanga kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, mpaka maganda yapasuke. Pepeta kwa ungo, twanga ukiwa umepasha kinu, mafuta yatatoka yenyewe. Ila kinu hakisagi laini vya kutosha; ulimi utahisi chenga, na chokoleti nzito haichovyeki. Ile ya kinu ichemshe na maziwa na mdalasini uinywe, kisha weka maganda yako pembeni ya kikombe. Ukipata mtu mwenye mashine ya kusagia karanga, safi na kavu kabisa, pitisha mara tatu nne, ndipo uchovye.