Soma daftari lako la meno kabla hujashuka kwenye kiti

Huu ni mwaka wangu wa 11 katika chumba cha meno cha kituo cha afya. Namshikia daktari taa, nachanganya dawa ya kuziba, na mwisho namrudishia mgonjwa daftari lake. Wengi hulikunja wakaondoka bila kulifungua, na yaliyomo ndani ni ya mdomo wao wenyewe.

Anza na namba ya jino. Ukikuta 36, usiisome thelathini na sita. Mtu mzima mwenye meno kamili anayo 32 tu. Isome tatu, halafu sita. Tarakimu ya kwanza ni sehemu ya mdomo: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kulia na kushoto ni kwako wewe uliyeketi, si kwa daktari anayekutazama. Tarakimu ya pili unaihesabu kuanzia katikati kwenda nyuma: 1 na 2 meno ya mbele, 3 chonge, 4 na 5 magego madogo, 6 hadi 8 magego makubwa. Pitisha ulimi chini kushoto, hesabu hadi sita. Hilo ndilo 36.

Meno ya utoto, ambayo ni 20, huanza na 5, 6, 7 au 8 kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo 75 ni gego la utoto la chini kushoto, na 36 huota nyuma yake kabisa. Hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Gego hili la 36 huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, wala halisubiri jino lolote ling'oke, ndiyo maana wengi hudhani ni la utoto. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 8, shavu limevimba, akaniambia, “Dada, si litang'oka tu lenyewe?” Nikamwonyesha daftarini: 36. Ni la ukubwani, halina mbadala. Alikaa kimya muda mrefu.

Vifupisho vingine ni vyepesi. Exo ni kung'oa, LA ni sindano ya ganzi, RCT ni kutibu mzizi ili jino libaki.

Kwenye bahasha ya dawa, 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Wengine huandika tds, maana ni ileile. Vipishanishe vidonge saa nane nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kinachoumiza watu zaidi ni alama ya mkwaju (/). 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja, na TCA ikitangulia maana yake ni urudi baada ya muda huo. Mzee mmoja alizibwa jino kwa muda mwezi wa tano, tukamwandikia TCA 1/12. Akasubiri kwa uaminifu hadi tarehe mosi Desemba. Kizibo kilishadondoka zamani, jino likawa limeoza hadi mizizini, tukaling'oa. Kosa lilikuwa letu, na bado linaniuma. Tangu hapo kila daftari naandika tarehe yenyewe pembeni, kwa herufi kubwa. Kama lako halina, mwombe aliyekuhudumia akuandikie ukiwa bado umekaa.