Somo: Pikipiki ikizima ng'ambo ya mpaka, nani anakuja kukuchukua?

Wakuu, wengi wanaovuka Namanga, Holili, Sirari au Mutukula na pikipiki wanaamini kwamba wakishakata Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), safari nzima ina bima. Si kweli, na ni bora ujue hivyo ukiwa bado nyumbani.

Kadi ya Njano, iliyoanza kazi 1987, ni bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka. Ukimgonga mtu Uganda au ukiharibu gari la mtu Kenya, inasimama badala yako. Inahusu pia matibabu yako na ya abiria wako baada ya ajali. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ilibaki, kwa hiyo inakatwa hapa kwetu na inatambulika. Ila cheni ikikatika, betri ikifa au injini ikigoma, kadi hiyo haikuhusu. Haimtumi mtu wala hailipii pikapu. Uokoaji unaupanga mwenyewe kabla ya kuondoka, na somo hili linahusu hilo.

Hatua ya 1: Soma bima yako ya nyumbani

Mwenye bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) hana chochote cha kusoma upande huu, aende hatua ya pili. Mwenye bima kubwa (inayolinda na chombo chake) apige simu kwa kampuni yake aulize mambo haya, na majibu ayapate kwa maandishi: Je, bima inavuka mpaka au inaishia Tanzania? Kama inaishia nyumbani, kuongeza nchi jirani ni kiasi gani? Huduma ya kuvutwa imo? Na ikiwa imo, inahusu pikipiki au magari tu?

Hilo la mwisho watu hulisahau. Vipengele vingi vya uokoaji vimeandikwa kwa kufikiria gari. Uliza pia wanakupeleka wapi: gereji ya karibu au nyumbani? Tofauti hapo ni kubwa mno. "Gereji ya karibu" kwa mwenye pikipiki kubwa inaweza kuwa karakana ambayo haijawahi kuifungua injini ya aina yake. Mwisho, uliza kama wao ndio wanamlipa mwenye gari la kuvuta, au wewe unalipa kisha unadai. Kama ni kudai, unahitaji fedha mkononi na risiti.

Hatua ya 2: Karatasi

Beba kadi ya pikipiki halisi. Kama jina lililomo si lako, au pikipiki ina mkopo, beba barua ya idhini ya mwenye mali. Mpakani utapewa kibali cha muda cha kuingiza chombo. Kabla hujaondoka dirishani, angalia tarehe ya mwisho na namba ya chesi, herufi kwa herufi. Kibali hicho kinakufunga: umeiambia forodha kwamba chombo kitatoka. Pikipiki mbovu iliyobaki gerejini baada ya tarehe hiyo ni kosa la forodha, hata kama wewe umesharudi kwenu kwa basi.

Hatua ya 3: Tafuta watu kabla ya kuwahitaji

Chukua ramani, weka alama kwenye miji mikubwa ya njia yako. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Kampala kupitia Malaba, hiyo ni Nakuru, Eldoret, Tororo, Jinja. Kila mji tafuta fundi mmoja na mwenye pikapu mmoja, kupitia waendeshaji wenzako wa huko. Namba ziandike kwenye karatasi pia, maana simu nayo huzima. Nikilazimika kuchagua hatua moja tu ya somo hili, ningechagua hii. Fundi aliyetajwa na mwendeshaji mwenzako anapokea simu usiku. Asiyekujua anapokea asubuhi.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Kiungo cha cheni, kebo ya klachi, plagi, fyuzi, tyubu au vifaa vya kuziba tairi lisilo na tyubu, pampu ndogo. Kila mtu anavijua hivi. Ongeza mikanda minne ya kufungia mzigo, ile yenye kikazio cha chuma. Nitaieleza mbele.

Hatua ya 5: Imezima barabarani

Itoe kwenye lami kabisa. Vaa kizibao kinachong'aa. Weka matawi ya miti nyuma yako, umbali wa kutosha, kama wafanyavyo madereva wa malori, na ukiondoka uyaondoe, kwa sababu usiku yanamwangusha mwenzako. Ukiwa Rwanda au Burundi kumbuka wanaendesha kulia, magari yanakupita upande ambao hukuuzoea.

Kisha kagua yale ya rahisi. Swichi nyekundu ya kuzima injini imeguswa? Mafuta yapo? Fyuzi? Vichwa vya betri vimelegea? Na stendi ya pembeni: pikipiki nyingi za kisasa zina swichi ndogo hapo chini, ikijaa tope injini inadhani stendi imeshushwa na inazima kila ukiweka gia. Maji ya chupa na kitambaa vinaweza kukumalizia kazi.

Ukizimikiwa ndani ya hifadhi, kama barabara inayokatiza Mikumi, au kando ya Tsavo kati ya Mtito Andei na Voi, usianze kutembea kutafuta msaada. Baki na chombo na usimamishe lori. Jua likikaribia kuzama, panda lori hilo, pikipiki uifuate kesho pamoja na askari wa hifadhi.

Hatua ya 6: Kupakia

Pikipiki nyingi zinaharibika zaidi kwenye pikapu kuliko barabarani. Vijana wanaoinyanyua wana nguvu na nia njema, lakini wataishusha kwenye stendi ya pembeni na kufunga kamba moja katikati ya kiti. Shimo la kwanza, stendi inapinda au inatoboa bodi, na pikipiki inalala.

Fanya hivi. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa bodi nyuma ya kabini. Stendi juu, gia ya kwanza. Mtu mmoja aishike wima. Mkanda wa kwanza na wa pili ufungwe kwenye chuma cha chini kinachobana shokapu za mbele, sio kwenye mpira wa usukani, halafu uvute kushoto na kulia kwenye pembe za mbele za bodi. Kaza pande zote mbili kidogo kidogo mpaka shokapu zishuke kama nusu ya mwendo wake. Hapo itasimama yenyewe. Mikanda miwili ya nyuma inazuia tu mkia usicheze. Weka kitambaa mahali mkanda unapogusa rangi. Simama na dereva baada ya kilomita chache, kaza tena, maana mikanda hulegea. Kama pikipiki yako ni ya kabureta, funga koki ya mafuta.

Hatua ya 7: Bei na risiti

Kubaliana bei kabla gurudumu halijaondoka chini, na mtaje mahali pa kushushia kwa jina. Risiti iwe na namba ya gari, tarehe, mahali ulipochukuliwa na uliposhushwa. Piga picha.

MASWALI YA WANACHAMA

Bukoba: Mkuu, nina Boxer 150, naenda Kampala kupitia Mutukula. Haya yote yananihusu?

Karatasi na Kadi ya Njano, ndiyo. Hakikisha bima ya nyumbani inalingana na matumizi: kama imekatwa ya binafsi, usibebe abiria wa kulipa. Upande wa fundi uko vizuri kuliko sisi wenye pikipiki kubwa. Boxer ni pikipiki ya bodaboda Uganda nzima, spea utaipata Masaka hata Jumapili.

Mombasa: Shikamoo kaka. Pikipiki yangu imekufa Tanga, niliingilia Lunga Lunga. Kibali kinaisha kesho kutwa na kifaa kitafika baada ya wiki mbili. Niondoke tu?

Marahaba dada. Usiondoke kabla ya kuonana na forodha. Chukua barua ya gereji yenye namba ya chesi na maelezo ya ubovu, picha, na kibali chenyewe, uende leo kuomba muda uongezwe. Kuomba kabla ya tarehe ni tofauti kabisa na kujieleza baada yake. Gereji wakupe hati ya kuipokea pikipiki, na ufunguo wa akiba ukae nao wewe mwenyewe.

Stuttgart: Habari, naishi Ujerumani, napita Ufaransa kwenda Italia. Huku kuna tofauti gani?

Kubwa. Kama ni mwanachama wa ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, angalia aina: uanachama wa kawaida unaishia Ujerumani, wa Plus unafika Ulaya. Ukizimikiwa kwenye barabara kuu ya kulipia Ufaransa, usisubiri gari la bima yako, haliruhusiwi kukuvuta pale. Tumia simu za rangi ya machungwa zilizo kandokando au piga 112. Atakuja mvutaji aliyeidhinishwa, kwa bei iliyopangwa na serikali. Tunza risiti udai. Bima yako inakupokea baada ya kutolewa barabarani. Kizibao kinachong'aa ni lazima kuwa nacho Ufaransa kwa waendesha pikipiki tangu 2016.

Arusha: Kaka, kuvutwa kwa kamba na pikipiki nyingine je?

Kutoka katikati ya barabara hadi kituo cha mafuta kinachoonekana, mchana, sawa. Kamba usiifunge kwenye pikipiki inayovutwa. Izungushe mara moja kwenye chuma cha kuwekea mguu, ncha uishike mkononi, ili ukiyumba uiachie papo hapo. Zaidi ya hapo, au usiku, subiri pikapu.