Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Mchezo Wako wa Kwanza wa Picha

Anayejifunza kuandika programu akifikiria mchezo wake wa kwanza, mara nyingi huuona ukiwa umeshakamilika: ulimwengu mpana, maadui werevu, muziki, na wachezaji kadhaa waliounganishwa kwa intaneti. Ndoto hiyo aitunze, kwani ndiyo itakayomrudisha kwenye kibodi makosa yatakapomchosha. Lakini kabla ya kuandika mstari wa kwanza, apime ni kipande kipi cha ndoto hiyo kinachoweza kusimama peke yake. Pong, mchezo uliotolewa na Atari mwaka 1972, ulianza kama zoezi alilopewa mhandisi Allan Alcorn, nao haukuwa na zaidi ya vibao viwili, mpira na hesabu ya pointi. Mraba mmoja unaotii vitufe na ukuta mmoja unaouzuia ni mwanzo unaotosha. Suala la kuunganisha wachezaji kwa mtandao ningeliondoa kabisa katika mradi wa kwanza.

Misingi ya lugha yenyewe lazima iwe imekaa kichwani. Ikiwa bado huwezi, bila kunakili popote, kuandika programu ya maandishi matupu inayoficha namba na kumwambia mchezaji kama amekisia juu au chini, anza na hiyo. Kisha chagua chombo kimoja, kwa mfano Pygame, maktaba ya michezo kwa anayejua lugha ya Python, au Godot, injini huria (programu ya kutengenezea michezo), na ushikamane nacho mpaka mradi uishe.

Jambo linalostahili kueleweka kwa kina kuliko yote ni muda. Mchezo ni kitanzi, yaani kazi inayojirudia tena na tena, kinachosoma vitufe, kinachobadilisha hali ya vitu na kuchora skrini upya. Kila picha inayochorwa huitwa fremu, na kwa fremu 60 kwa sekunde, kazi hiyo yote hupewa takriban milisekunde 16.7 kila mzunguko. Ukimsogeza mhusika pikseli (nukta za skrini) 5 kila fremu, atakwenda pikseli 300 kwa sekunde kwenye skrini ya fremu 60, lakini 720 kwenye skrini ya fremu 144; kwa hiyo mwendo upangwe kwa sekunde, kisha uzidishwe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Hata hapo kuna mtego. Risasi ndogo yenye kasi ya pikseli 1,200 kwa sekunde huruka pikseli 20 kila fremu kwenye skrini ya fremu 60, na ikikutana na ukuta wenye unene wa pikseli 8, inaweza kuwa upande huu katika fremu moja na upande wa pili katika fremu inayofuata, bila programu kuona kwamba viligusana. Dawa yake ni kukagua njia yote iliyopitiwa, au kuigawa hatua hiyo katika hatua ndogo zaidi.

Ujue pia kwamba katika zana nyingi za michezo ya pande mbili, Pygame na Godot zikiwemo, namba za wima huongezeka kuelekea chini, hivyo mhusika anayeruka juu hupunguziwa namba yake ya wima.

Picha nzuri zisubiri. Mistatili ya rangi inatosha hadi mchezo uchezeke, na picha hizo zitakapotafutwa, masharti ya leseni yasomwe. Msimbo (maandishi ya programu) nao uwekwe chini ya Git, chombo kinachohifadhi historia ya mabadiliko, tangu siku ya kwanza, na kila kinachofanya kazi kihifadhiwe kabla ya kugusa kingine, ili ukuta uliokuwa ukizuia jana ukipitika leo, uweze kuona ni mistari ipi iliyobadilishwa katikati.