Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Jamani, mtoto akinywa mafuta ya taa usimtie kidole kooni, wala usimpe maziwa ili atapike. Najua maziwa ndiyo dawa ya kwanza tuliyofundishwa na bibi zetu, lakini hatari kubwa ya mafuta haya iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Akitapika anapaliwa, na kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni kinaweza kumletea nimonia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali, na chupa uibebe. Hata akionekana anacheza, nenda. Kikohozi na kuhema harakaharaka vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Na ile chupa ya soda yenye mafuta, pale chini ya meza ya jikoni, iondoe leo hii.