Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kuukabidhi Mtandao wa Nyuroni Vali ya Tangi

Mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, huiongoza vali kwa hatua: kila hatua husoma kipimo na kutoa amri. Andika hatua moja ina sekunde ngapi. Ujue mteremko mkubwa kabisa wa kitendakazi chako, yaani kanuni inayogeuza pembejeo ya nyuroni kuwa pato: wa kile kiitwacho tanh ni 1, wa sigmoidi ni 0.25. Ikiwa modeli ilibuniwa kwa wakati endelevu, yaani usiokatwa hatua, usidhani uthabiti wake, yaani uwezo wa kutulia baada ya kuyumba, utahamia wenyewe kwenye kompyuta, kwani thamani inayopungua kwa kasi ya mara 5 yake kwa sekunde, ikikatwa hatua za nusu sekunde kwa njia ya Euler (thamani mpya ni ya sasa kujumlisha kasi mara urefu wa hatua), huzidishwa kwa -1.5 kila hatua na kuanza kukua.

Kubwa kuliko yote, pima ucheleweshaji pale pale mtambo utakapofanya kazi. Kule Kisauni niliwaona vijana waliofunga mtandao mdogo ulinde kina cha maji katika tangi la juu ya paa. Mezani, kipimo kilichelewa hatua moja, nao mtandao, uliorekebisha 0.8 ya tofauti iliyoonekana kati ya kina hicho na kile kilichotakiwa, uliyatuliza maji baada ya kuyumba kidogo. Kule paani redio ya kihisi ilikuwa ikirudia kutuma, kipimo kikachelewa hatua mbili. Maji yakawa yanapanda na kushuka bila kukoma, na vali ikafunguka na kujifunga usiku kucha hadi raba yake ikalika.

Sababu yake inahesabika. Pale ambapo tofauti mpya ni tofauti ya sasa ukitoa kizidishi (kule Kisauni kilikuwa 0.8) mara tofauti ya zamani, kizidishi chanya lazima kiwe chini ya 2 pasipo ucheleweshaji, chini ya 1 kwa hatua moja, chini ya takribani 0.618 kwa hatua mbili, na 0.445 kwa tatu. Wala usingoje namba zilipuke ndipo ushtuke: tanh huzuia pato lisivuke -1 na 1, kwa hiyo mfumo usio thabiti huyumba tu ndani ya mipaka na kuonekana mzima kwa anayeutazama kwa dakika chache.

Ucheleweshaji ukibadilikabadilika, kupima kila thamani peke yake hakutoshi. Tafuta kigezo cha Lyapunov na Krasovskii, yaani jaribio la kihesabu la uthabiti wa mifumo yenye ucheleweshaji, kinachobeba kiwango cha chini na cha juu cha ucheleweshaji kwa pamoja. Amua pia kumbukumbu ya hatua zilizopita ijazwe nini umeme unaporudi. Kagua betri ya kihisi, kagua nyaya zisiliwe na chumvi ya bahari, na usiondoe vali ya mkono.