Kusoma nyufa: namna ya kukagua uimara wa ukuta wa machimbo ya mawe magumu

Huku Lugoba, zinakotoka kokoto nyingi za majengo ya Dar es Salaam, mchimbaji akitaka kujua kama ukuta wake ni imara hugonga jiwe kwa nyundo. Likilia kama chuma, anaridhika. Mlio huo ni habari njema kwa kokoto tu. Ukuta wa mawe magumu hauanguki kwa udhaifu wa jiwe. Vipande huteleza kwenye nyufa zilizokuwemo kabla baruti haijafika. Kwa hiyo soma nyufa.

Hatua ya 1: Tazama kwa mbali. Simama umbali usiopungua kimo cha ukuta. Tafuta michirizi ya maji, mizizi iliyopenya, mawe yaliyoning'inia, na madoa yenye rangi mpya katikati ya jiwe lililochakaa; hapo kitu kimedondoka karibuni. Kisha zunguka ukapande juu, ukague ardhi nyuma ya ukingo bila kuusogelea. Ufa unaokwenda sambamba na ukingo ni sababu tosha ya kuwaondoa watu chini siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Pima nyufa. Unahitaji dira yenye kipima mwinamo, futi ya mkanda, daftari na ubao mdogo. Pima pale ambapo mawe yaliyolegea yameshaangushwa kwa mtarimbo. Uso wa ufa una mabonde na vilima, kwa hiyo ulaze ubao juu yake kwanza, kisha upime ubao. Ukishindwa kujua ufa unainamia wapi, mwagia maji kidogo ya chupa: yanakoelekea ndiko unakoinamia. Kaa mbali na ekskaveta, kwani chuma chake huvuta sindano ya dira.

Kwa kila ufa andika mwinamo (nyuzi kutoka usawa wa ardhi), mwelekeo (upande wa dira unakoinamia), urefu, uwazi, na kilichojaa ndani. Udongo wa mfinyanzi uandike kwa wino mwekundu. Usiridhike na nyufa tano, pima makumi. Utaona zinajipanga kwa koo, mara nyingi mbili au tatu, na kila ukoo una mwelekeo wake.

Hatua ya 3: Linganisha na ukuta. Tuseme ukuta unatazama mashariki, nyuzi 90, na umesimama kwa nyuzi 75. Ukoo mmoja wa nyufa unainama nyuzi 42 kuelekea nyuzi 100. Jiulize mambo matatu. Je, mielekeo hiyo miwili inatofautiana kwa chini ya nyuzi 20? Ndiyo, ni 10 tu. Je, ufa umelala kuliko ukuta, kiasi kwamba unatokeza usoni? Ndiyo. Je, mwinamo wake unazidi pembe ya msuguano, yaani pembe ambayo jiwe huanza kuteleza juu ya jiwe? Jibu la hilo linatoka hatua ya 4.

Angalia pia koo mbili zinazokutana na kukata kabari inayoelekea nje, na nyufa zilizosimama karibu wima zikiinamia ndani ya ukuta. Hizo za wima hupindua mawe kama vitabu kwenye rafu.

Hatua ya 4: Pima msuguano. Chukua vipande viwili vilivyokatwa kwa msumeno, viwe bapa na vikavu. Weka kimoja juu ya kingine, inua upande mmoja polepole, na usome pembe pale cha juu kinapoanza kuteleza. Usitumie vipande vidogo vyenye uso wa asili: vinashikana kwa meno yao na kukupa pembe kubwa ya uongo. Tuseme umepata nyuzi 35. Gawa tanjenti ya 35 kwa tanjenti ya 42: 0.70 kwa 0.90, unapata 0.78. Chini ya 1 maana yake msuguano peke yake haulishikilii bamba la mwamba lililolala juu ya ufa huo. Linashikiliwa na vipande vya mwamba ambavyo havijapasuka, na kila mlipuko unavila.

Hatua ya 5: Hesabu maji. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Ufa wima wa kina cha mita 4 ukijaa maji, unasukuma ukuta kwa nguvu ya karibu tani 8 kwa kila mita ya urefu wake. Niliwahi kuona bamba likishuka saa nne asubuhi, jua likiwaka, mvua imekatika tangu usiku. Wafanyakazi walikuwa wamerudi kazini kwa sababu kumekauka. Juu palikuwa pakavu, ndani ya ufa maji yalikuwa bado yamejaa. Chimba mtaro nyuma ya ukingo kabla ya masika, na ukague upya kila baada ya mvua kubwa.

Hatua ya 6: Amua. Dawa ninayoipenda kuliko zote ni kugeuza upande wa kuchimbia. Ukuta huo ukiuelekeza magharibi, nyufa zilezile za nyuzi 42 zitainamia ndani na bamba halitakuwa na pa kutelezea; rudia hatua ya 3 kwa koo nyingine. Kama eneo halikuruhusu, laza ukuta ufuate mwinamo wa ufa, punguza kimo cha kila ngazi ya uchimbaji, na mwombe mlipuaji apunguze baruti kwenye mashimo ya mstari wa mwisho.

Ufa unaoutilia shaka, pigilia misumari miwili, mmoja kila upande, juu ambako ni salama kufika. Pima umbali kati yake kila asubuhi na uandike. Ongezeko la leo likizidi la jana, ondoa watu na mashine, kisha ndipo umpigie simu meneja.